Nimeahidi watu nitakimbia kilomita 42 Moshi kwa ajili ya watoto wa selimundu. Nijiandaeje?

Swali

Kocha, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Kimara na ofisi yangu iko Posta. Mwanangu wa pili ana selimundu, ana miaka saba. Pale kliniki tunapohudhuria kuna wazazi wanaokosa hata nauli, na dawa ya haidroksiurea wanaikatiza kwa miezi. Nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari, kilomita 42, na nimefungua grupu la WhatsApp la michango. Lengo ni shilingi milioni sita. Watu wameitikia, ila wengi wameahidi kwa kilomita: elfu tano, elfu kumi kila kilomita. Bosi wangu amesema nikimaliza 42 anatoa milioni moja, nisipomaliza hatoi hata mia. Kwa sasa nakimbia kilomita nane bila kusimama, mara mbili kwa wiki, tangu Juni. Zimebaki wiki ishirini. Goti la kulia linauma kidogo nikishuka ngazi. Je, nitaweza? Nifanye mazoezi gani na joto hili la Dar? Na hizo fedha nizikusanye vipi nisije nikawa gumzo la mtaa?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Goti tutalifikia, na milioni ya bosi pia. Nianze na mwanao, kwa sababu pale umeniambia jambo kuhusu mwili wako mwenyewe ambalo huenda hukukusudia kuniambia.

Mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Kila mzazi amempa kinasaba chake. Kwa hiyo kama wewe huumwi, unabeba kinasaba kimoja, na kwenye kadi za kliniki hali hiyo huandikwa AS. Unaishi maisha ya kawaida, na hicho kinasaba kimoja kinakukinga kiasi na malaria kali, ndiyo maana kimeenea huku kwetu kwenye mbu. Wizara ya Afya hutaja watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka nchini. Sasa piga hesabu wazazi wao, wajomba na mashangazi wanaobeba kimoja, na wangapi kati yao wanakimbia Jumapili asubuhi bila kujua.

Kubeba siyo kuumwa, na mimi sikuzuii kukimbia. Ila yapo mazingira machache ambamo chembe nyekundu za mtu wa AS zinaweza kujikunja kama za mgonjwa: kutumia nguvu zote bila kupumzika, joto kali, upungufu wa maji mwilini, na mwinuko mkubwa. Damu haipiti vizuri kwenye misuli, misuli inaanza kuharibika, na mabaki yake yanakwenda kuziba figo. Mwaka 2006 kijana mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika chuo kikuu cha Rice kule Texas alianguka baada ya kukimbizwa mbio 16 za yadi 100, akafariki siku iliyofuata. Alikuwa AS. Tangu 2010 vyuo vikubwa vya michezo vya Marekani huwapima wachezaji wao.

Sasa usiogope kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000, ulikuta wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao. Uwezekano wa misuli kuharibika kwa mazoezi ndio uliokuwa juu, kwa kama nusu zaidi, karibu sawa na wa mtu anayevuta sigara. Na jeshi lile lilikuwa na taratibu kali za maji, joto na mapumziko kwa kila askari. Mimi nachukua somo langu hapo: mwenye AS akikimbia kwa taratibu hizo, anakimbia.

Angalia pia aina ya mazoezi yaliyomwangusha yule kijana. Ni mbio fupi za nguvu zote, moja juu ya nyingine. Mbio ndefu za taratibu, zile unazoweza kumsimulia mwenzako habari za jana huku mnakimbia, ni salama zaidi kwako. Basi kwenye mpango wako futa kabisa vile vipande vya kasi ambavyo vijana wa jogging hupenda kushindana. Wakisema twende, waache waende.

Na ujifunze kutofautisha maumivu mawili. Mkakamao wa kawaida unaushika kwa mkono: kigimbi kinakuwa kigumu kama jiwe, unaruka kwa maumivu, ukikinyoosha kinaachia. Hali ya AS haiko hivyo. Misuli ukiibonyeza iko laini, lakini mapaja, kiuno au mgongo vinauma na miguu inakosa nguvu, kama umevaa ndoo za maji. Ukifika hapo unasimama, unakaa kivulini, unakunywa, na hukimbii tena siku hiyo hata kama zimebaki mita mia mbili. Hali isipotulia ndani ya dakika chache, au baadaye ukaona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, unakwenda hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza unalomwambia daktari ni: nina AS na nimetoka kukimbia. Usisubiri asubuhi.

Kabla ya yote, mkirudi kliniki na mtoto, omba na wewe upimwe aina ya hemoglobini, kipimo kinachoonyesha kama ni AS, upate karatasi, na upimwe wingi wa damu. Wanawake wengi wa umri wako wanakimbia wakiwa na upungufu wa damu na kudhani ni uvivu.

Sasa hizo 42.

Njia ya Moshi naijua kwa miguu yangu. Hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ramani ya mwaka wako, lakini kwa miaka mingi sura yake imekuwa hii: unaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, unakimbia nusu ya kwanza kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar, ambayo ni tambarare, unajisifu, kisha unarudi mjini na kuanza kuupanda mlima kuelekea Mweka hadi zaidi ya mita 1,100, kwenye migomba na kahawa, halafu unashuka. Yaani mlima wenyewe unakusubiri ukiwa umeshamaliza kilomita 21. Mbio za 21 zinaupanda mlima huohuo ukiwa bado mbichi.

Tuhesabu saa. Wa 42 huanza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mtu aliye ulipo wewe, hata tukifanya kila kitu sawasawa, dakika nane kwa kilomita ni matumaini mazuri. Utafika nusu ya njia saa tatu na dakika ishirini. Utakuwa unapanda Mweka mpaka karibu saa tano, na utamaliza kushuka saa sita na robo, na jua la Februari Moshi si la mchezo. Joto, uchovu, maji yaliyopungua na mlima, vyote kwa pamoja, mambo yaleyale ambayo nimekueleza hapo juu uyaogope. Ukikimbia 21, inayoanza karibu saa moja, unafika juu kama saa mbili na nusu na unakuwa umemaliza kabla ya saa nne, huku migomba bado ina kivuli.

Kwa hiyo jibu langu: kimbia 21 mwaka huu. Waandikie waandaaji mapema kuulizia kubadilisha umbali, usingoje Februari. Kama usingekuwa na AS, na goti likawa zima, ningekuambia subiri katikati ya Januari tuone. Kwa hali yako sina haja ya kusubiri.

Najua utasema: na wale walioahidi? Na bosi?

Nikusimulie. Mwaka 2011 nilikimbia 42 kuchangisha madawati ya shule moja. Wiki sita kabla ya mbio nikaanza kuumwa ugoko wa kushoto, sehemu moja tu ndogo, ningeweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Mimi ni mtaalamu wa viungo, kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja ni ya kusimama papo hapo. Ningemkuta mgonjwa nayo ningemfungia viatu kabatini. Lakini nilikuwa nimeahidiwa fedha kwa kila kilomita, na kila nikilala nilikuwa nayaona yale madawati. Nikameza diklofenaki asubuhi, nikakimbia. Nilimaliza. Mfupa ulikuwa umepasuka, nikatembelea magongo wiki saba, na nilikaa karibu mwaka mzima bila kukimbia. Fedha nazo nilikuwa nimeikabidhi kamati moja taslimu, mkononi, kwa imani. Madawati yalikuja, ila nusu ya hesabu, na mpaka leo kuna shemeji yangu mmoja akiniona kwenye harusi ananiuliza hali ya madawati.

Tangu hapo wanafunzi wangu wote wanaokimbia kwa ajili ya jambo jema nawapa sharti moja: mchango usiwe rehani ya kumaliza. Mtu akikuchangia kwa kila kilomita, amekuwekea mtoto mgonjwa kwenye kila kilomita. Utakapofika ya 30 na miguu imelegea, hutafikiri kama mwenye AS, utafikiri kama mama. Utaendelea. Na mwanao atabaki na mama aliyelazwa.

Watu wakinibishia hapa hunitajia John Stephen Akhwari, na mimi nampenda Akhwari kama wewe. Olimpiki ya Mexico 1968, aliumia goti katikati ya mbio, akafungwa bandeji, akafika uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Lakini kumbuka alikuwa mkimbiaji wa taifa aliyeandaliwa kwa miaka, na aliumia siku ileile. Hakuondoka nyumbani na goti bovu akitumaini kudra. Wengi wanaojilinganisha naye wanaanza mbio wakiwa wamekwishaumia.

Mwandikie bosi wako wiki hii, si kwa kumwomba radhi, kwa kumweleza. Mwambie kocha amekushauri 21, na kwamba unaomba mchango wake uende kwa watoto kwa kuwa umejiandaa wiki ishirini, siyo kwa kuwa umevuka mstari. Wengi wanaopiga bei kwa kilomita hufanya hivyo kwa utani tu, wakidhani ndio unaotaka, na ukiwapa njia nyingine wanashukuru. Walioahidi kwa kilomita waambie kilomita za mazoezi ndizo zihesabiwe. Kwa wiki ishirini utakimbia karibu mia tano. Usiwadai elfu kumi mara mia tano, watalihama grupu. Waambie wachague kiasi kimoja na walipe kabla ya mbio. Bosi akikataa, milioni yake ibaki kwake. Bado una karibu miezi mitano ya kuitafuta kwingine.

Tukija kwenye fedha zenyewe. Mbio nyingi za hisani hapa kwetu jambo la kuchangiwa huchaguliwa na waandaaji. CRDB Marathon ya Dar, kwa mfano, imekuwa ikichangia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na anayejiandikisha anachangia kwa ada yake tu, hesabu haimhusu. Wewe umebeba jambo lako mwenyewe ndani ya mbio za watu wengine. Hakuna atakayekukagua, kwa hiyo jikague kabla hujakaguliwa.

Njia bora ni fedha isipite kwako kabisa. Kule London, mkimbiaji anayechangisha huwapa watu anwani ya shirika lenyewe, na fedha inakwenda moja kwa moja. Hapa unaweza kufanya vivyo hivyo. Kama kliniki yenu iko hospitali ya serikali, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, eleza, kisha uombe uongozi ukuelekeze jinsi ya kuchangia kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wanaiita kontroli namba. Mchangiaji analipa kwa simu yake, risiti inakuja kwake, na wewe unabaki kuhamasisha. Wakikwambia haiwezekani kwa michango midogo midogo, basi fungua akaunti ya pamoja ya watu watatu, angalau mmoja awe mzazi mwenzako wa kliniki ambaye si rafiki yako. Namba yako binafsi ya simu usiitumie. Hata ukiwa mwaminifu kama nini, siku mume atakapokopa hamsini ya dharura humo ndani, imekwisha.

Ukiamua kutoka nje ya grupu na kuomba umma, kwa mabango au redioni, pita kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya uulize kuhusu kibali. Barua moja inakuepusha na mengi.

Na uwatangazie tangu mwanzo: ada ya usajili, viatu, nauli ya Moshi na malazi ni vya mfuko wako. Ukikata hata elfu thelathini ya basi kwenye mchango, hata kama ni haki, ndiyo hiyo watakayoisimulia. Mtu akitaka kukusaidia nauli, akupe wewe mkononi, akijua ni nauli. Kila Ijumaa weka grupuni ujumbe mmoja mfupi: kilichoingia, jumla, na kilomita ulizokimbia wiki hiyo. Msiandike majina na viwango kama orodha ya harusi. Aliyetoa elfu mbili asione haya mbele ya aliyetoa laki.

Jambo jingine ambalo wachangishaji husahau ni picha za watoto. Usimweke mtoto wa mwenzako grupuni akiwa na dripu, hata kama mzazi amekubali kwa sababu ana shida. Hata wa kwako, mfikirie akiwa na miaka kumi na tano.

Sasa mazoezi, ambayo ndiyo uliyokuja kuyauliza na mimi nimekuzungusha.

Una kilomita nane, mara mbili kwa wiki. Ongeza siku ya tatu, siyo umbali, kwa wiki tatu za kwanza. Jumanne na Alhamisi kilomita tano hadi sita za taratibu, Jumamosi au Jumapili ile ndefu. Baada ya hapo ndefu ndiyo inayokua, kilomita moja kwa wiki, na kila wiki ya nne unairudisha nyuma mwili upumue. Mfano wa mwanzo: nane, tisa, kumi, kisha nane tena. Ukienda hivyo utafika kilomita 16 ndani ya mwezi wa Januari na 18 mapema Februari, na hapo panatosha. Hutakiwi kukimbia 21 nzima kabla ya siku yenyewe. Ukipitwa na wiki moja kwa mtoto kulazwa, na itatokea, usiifidie. Endelea ulipoachia. Ukipitwa na mbili, rudi nyuma wiki mbili. Ukiwa na homa ya aina yoyote hukimbii, na baada ya malaria unakaa wiki nzima baada ya kumaliza dozi, kisha unaanza na kutembea.

Kuanzia Desemba kaskazi itakuwa imeingia na Dar itakuwa mvuke. Mbio ndefu ianze saa kumi na moja alfajiri, iishe kabla ya saa moja na nusu. Kwa wiki mbili za kwanza za joto hilo punguza kasi bila aibu, mwili unajifunza kutoka jasho upya. Ukisikia baridi ghafla au nywele kusisimka wakati jua linawaka, hiyo ni kengele, simama. Peke yako gizani usitoke. Kimara na Mbezi kuna vikundi vya jogging karibu kila mtaa. Tafuta kimoja chenye akina mama wa umri wako, wale wa nyuma wanaopiga soga. Ndio hasa kasi yako.

Una bahati ya kuishi Kimara, maana wenzako wa Masaki wanatafuta mlima kwa darubini. Kuanzia Desemba, Alhamisi yako iwe ya vilima: Bonyokwa, au upande wa Goba. Panda taratibu dakika mbili au tatu, shuka ukitembea, pumzika mpaka uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, ndipo urudie. Mara nne zinatosha, baadaye sita. Mtu mwingine ningemwambia asipumzike sana. Wewe pumzika sana.

Goti linalouma kwenye kushuka ngazi, mara nyingi, ni mapaja na nyonga zilizo dhaifu kuliko hamu ya mwenye nazo. Nalitaja mahususi kwa sababu Mweka ina kilomita kama kumi za kushuka, na ndizo zinazovunja watu, siyo kupanda. Simama kwenye ngazi ya kwanza ya nyumbani, mguu wa kulia juu, wa kushoto ukining'inia. Shuka polepole kwa hesabu ya nne mpaka kisigino cha kushoto kiguse sakafu, bila goti la kulia kuegemea ndani kuelekea lenzake. Jitazame kwenye kioo. Mara kumi kila mguu, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Ongeza kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, na kukaa kwenye ukuta kama una kiti kisichoonekana. Maumivu yakiwa madogo na asubuhi yamekwisha, endelea. Asubuhi yakiwepo, punguza. Goti likivimba, usikimbie, tafuta mtaalamu wa viungo akushike kwa mikono yake. Baada ya wiki sita za ngazi nataka uniandikie tena.

Viatu sitasema mengi. Mtumba wa Karume unafaa kama soli haijalika upande mmoja na kiatu hakikunjiki katikati kama kandambili. Chukua nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole, usikimbie Moshi na kiatu kipya, na paka mafuta mazito mapajani na chini ya sidiria. Utanishukuru bafuni.

Maji yanahitaji akili kwa pande zote mbili. Mtu wa AS asikauke, lakini wapo pia wanaokunywa kupita kiasi mpaka chumvi ya damu inashuka, wanavimba vidole, wanachanganyikiwa, na wanaweza kufa. Kunywa siku nzima ya kabla mpaka mkojo uwe wa rangi ya majani makavu. Njiani, kunywa mafunda machache kila kituo, ukisikiliza kiu, na kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu beba pakiti ya ORS, ile chumvi wanayopewa wanaoharisha, uliyoichanganya kwenye chupa ya maji. Njia rahisi ya kujua unatoa jasho kiasi gani: jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu ya Jumapili. Ukipungua kilo mbili ulikunywa kidogo, ukiongezeka ulikunywa mno. Dawa za maumivu, diklofenaki au ibuprofeni, usizimeze kabla wala wakati wa mbio. Kwa figo zako hilo ni katazo, na umeshasikia zilinifikisha wapi.

Chakula hakina siri. Viazi vitamu, ndizi, wali, uji wa ulezi, maharage kwa ajili ya damu. Kilomita zikizidi kumi beba tende nne mfukoni, ule moja kila dakika thelathini.

Nenda Moshi Ijumaa, siyo Jumamosi usiku. Safari ya basi inakausha na inavimbisha miguu. Wenyeji watakukaribisha mtori, machalari na mbege, na utaambiwa mkimbiaji bila mtori si mkimbiaji. Mtori sawa kama umeuzoea. Vingine viache mpaka Jumapili mchana. Jumamosi jioni kula kitu ambacho tumbo lako limekijua tangu Kimara. Nyuma ya namba yako ya kifuani andika kwa kalamu ya wino usiofutika: AS, na namba ya simu ya mtu wako atakayekuwa Moshi.

Siku yenyewe, ukianza kupanda Mweka tembea dakika moja kila baada ya dakika nne, tangu mwanzo, kabla hujachoka. Utapitwa na watu wengi. Kule juu ndiko wanakotokea wapanda mlima walioshuka kutoka Kibo, wanatembea kama wazee, na hakuna anayewacheka. Kwenye kushuka kata hatua ziwe fupi, usiegemee nyuma, usiache mlima ukukimbize. Waliokupita wakati wa kupanda utawakuta wengine wamekaa pembeni wanashika mapaja.

Ukimaliza, tembea robo saa kabla hujakaa, kunywa, na utazame mkojo wako wa kwanza kabla hujapiga picha. Jumatatu, kabla medali haijaonekana grupuni, itangulie risiti ya hospitali yenye jumla ya mwisho.